Seti ya kuanzia kushindilia risasi nyumbani: tathmini ya mtu aliyeitumia kwa miaka minne

Tangu nianze kujiandaa kurudi Nakuru mwaka wa 2022, baada ya kuishi Minnesota, Marekani, kwa miaka kumi na mmoja, watu watatu wameniuliza swali lilelile kwa maneno tofauti: je, ile seti ya kushindilia risasi nyumbani waliyoiona kwenye video inafaa kununuliwa? Wa kwanza ni kijana wa jirani yangu hapa Kiamunyi ambaye anajiandaa kwenda kuishi na dadake Texas. Wa pili ni mwanachama mwenzangu katika klabu ya shabaha. Wa tatu ni rafiki yangu wa Kisumu, mwenye cheti cha bunduki, aliyenipigia simu nikiwa bado nafungasha mizigo akaniambia, “Ndugu yangu, nitilie hiyo mashine kwenye sanduku, tutalipana ukifika.” Majibu niliyowapa hayakufanana, kwa hiyo nimeona niyaandike yote hapa, nikianza na seti yenyewe jinsi nilivyoijua kwa mikono yangu kuanzia vuli ya mwaka wa 2018 hadi siku niliyomwachia shemeji yangu.

Jina la kampuni sitalitaja. Seti za kuanzia zinazouzwa Marekani zimefanana kama vibanda vya M-Pesa, na kasoro nitakazozieleza nimeziona kwa wenzangu walionunua za rangi nyingine. Yangu iligharimu dola 210.

Kwa wasiojua kazi yenyewe, risasi kamili ina sehemu nne: ganda la shaba ya njano, fataki inayokaa katika kitako cha ganda, baruti ndani yake, na kichwa cha risasi kinachofunga mdomo. Neno fataki vijana wa leo hulijua kwa fashifashi za mwaka mpya, lakini wazee waliotumia magobore walilitumia kwa kikombe kidogo kinachogongwa ili kitoe cheche, na ndiyo maana nimelishikilia. Vivyo hivyo neno kushindilia, ambalo ni la watu waliojaza baruti kwa mti kupitia mdomo wa mtutu. Bunduki ikishalia, fataki imekwisha, baruti imekwisha, kichwa kimekwenda, lakini ganda limebaki mkononi, na ganda ndilo lililo ghali kuliko vingine vyote. Uraibu huu mzima umejengwa juu ya kutolitupa ganda hilo.

Ndani ya boksi nilikuta presi ya chuma yenye mkono mrefu, mizani ya mkono wenye vidude vya kusogeza, kifaa cha kumwaga baruti kwa kipimo, faneli ya plastiki, kifaa cha mkono cha kupachikia fataki, ubao wenye matundu hamsini, kikwaruzo cha kusafishia mdomo wa ganda, mafuta ya kulainisha na kitabu cha vipimo. Maandishi ya juu ya boksi yalidai kwamba humo mna kila kitu anachohitaji mwanafunzi. Dai hilo si la kweli, na hapo ndipo palipo lalamiko langu la kwanza. Hamkuwa na kalibu, yaani vile vipande vya chuma kigumu vinavyofungwa juu ya presi na kulirudisha ganda katika umbo lake, na bila kalibu presi ni mkono wa pampu usio na kisima. Hamkuwa na kishikio cha ganda. Hamkuwa na kalipa ya kupimia urefu, wala kifaa cha kupunguzia ganda lililorefuka, wala nyundo ya kuondolea kichwa cha risasi uliyoikosea. Nilipomaliza kuyanunua hayo pamoja na pipa la kusugulia maganda, dola 210 zilikuwa zimekuwa 380. Ni kweli kwamba kalibu haziwezi kuwekwa ndani kwa sababu mtengenezaji hajui bunduki yako ni ya kipimo gani, lakini angeweza kuandika hivyo juu ya boksi badala ya kumwacha mtu aendeshe gari mara mbili katika theluji.

Niseme kidogo juu ya pipa hilo, kwa sababu lilinichekesha. Maganda yaliyotumika huwa na masizi, na ili yang’ae huingizwa katika chombo kinachotetemeka pamoja na kitu kikavu cha kusugua. Kitu hicho, kinachouzwa katika mifuko yenye picha nzuri, ni magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Mimi niliyezaliwa Njoro, nyumba ambayo magunzi hurundikwa nyuma ya jiko na kuchomwa, nilisimama mbele ya rafu nikisoma bei ya magunzi kwa dola. Nililipa. Yanafanya kazi vizuri sana, na ganda likitoka humo huwa kama kikombe cha kahawa cha Mswahili wa Mombasa. Onyo langu ni kwamba vumbi linalobaki katika magunzi yaliyotumika lina yale madini yenye sumu yaitwayo risasi (lead), yanayotokana na fataki, kwa hiyo pipa liwe na kifuniko, mtu asimwage magunzi ndani ya nyumba, na asile mandazi akiwa kwenye meza hiyo kabla ya kunawa kwa sabuni.

Presi yenyewe ni ya aina ya hatua moja, yaani kila unapouvuta mkono wake inafanya jambo moja kwa ganda moja. Ziko presi kubwa ambazo kila mvuto mmoja hutoa risasi iliyokamilika, na vijana huzipenda kwa sababu kwenye video zinapendeza. Mimi namshauri anayeanza azikimbie. Katika presi ya hatua moja unaondoa fataki za zamani katika maganda yote hamsini, unaweka chini. Unapachika fataki mpya zote, unaweka chini. Unatia baruti katika yote, unayaangalia yote kwa pamoja. Ndipo unaweka vichwa. Ni kazi ya kuchosha, na uchovu huo ndio unaokufanya uone kosa, kwa sababu macho yako yanatazama jambo moja tu kwa wakati mmoja. Shemeji yangu, ambaye amewinda kulungu tangu ujana wake na ndiye aliyenifundisha, ana presi kubwa ya aina ile nyingine katika kona ya karakana yake, lakini risasi za kuwindia bado huzitengeneza kwa ile kuukuu ya hatua moja iliyochakaa rangi.

Chuma cha presi yangu hakina kasoro. Niliifunga kwa boliti tatu kwenye meza ya mbao nene, na kwa miaka minne haikulegea wala kupinda. Mkono wake una urefu wa kutosha hata kurudisha umbo la ganda la bunduki ya .308 Winchester, kipimo kilichotoka mwaka wa 1952 na ambacho wawindaji wengi wa huko hukitumia, hakukuhitaji nguvu za beberu. Nasema hakukuhitaji, isipokuwa jioni ya tatu. Ganda la bunduki ndefu lenye shingo nyembamba ni lazima lipakwe mafuta kabla ya kuingia katika kalibu. Maganda ya bastola yaliyonyooka yanaweza kupita bila mafuta iwapo kalibu ina pete ya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida, lakini yale yenye shingo hayasamehe. Jioni hiyo nilikuwa nimepaka mafuta maganda thelathini, nikaongeza mengine matano bila kuyapaka vizuri. Ganda la kwanza kati ya hayo matano liliingia kwa shida, mkono ukasimama katikati, na mimi, badala ya kusimama pamoja nao, nikautegemea kwa kifua. Ganda likakwama. Nilipouvuta mkono kurudi, kishikio kilimega ukingo wa kitako cha ganda, kikarudi chenyewe, na ganda likabaki ndani ya kalibu kama jino lililovunjikia kwenye ufizi. Shemeji alikuja akatazama, hakusema neno, akatoboa kitako kwa drili, akachonga nyuzi za skrubu ndani yake na kulivuta kwa boliti polepole. Kazi hiyo ilichukua dakika arobaini. Kitabu cha seti kinalitaja jambo la mafuta kwa mstari mmoja tu. Kilipaswa kulitengea ukurasa mzima.

Sasa nije kwenye mizani, kwa sababu katika seti nzima hicho ndicho kifaa ambacho ningekinunua tena hata kama vingine vyote vingepotea. Baruti hupimwa kwa greni, kipimo cha zamani ambacho 7,000 zake hufanya ratili moja, na gramu moja ni greni 15.43. Mizani ya seti hii husoma hadi sehemu ya kumi ya greni moja, yaani takribani miligramu sita na nusu. Ili upate picha, chukua punje moja ya mchele wa Ahero: ni nzito kuliko hizo mara tatu hivi. Mizani haina betri. Ni mkono wa chuma unaokaa juu ya makali mawili, na sumaku mbili zinazotuliza mchezo wa mkono huo bila kuugusa. Ukimwaga baruti kwa kupigapiga kijiko kwa kidole, unaiona punje moja ikidondoka na ncha ya mkono ikishuka unywele mmoja.

Hata hivyo mizani hii ilinisumbua kwa wiki mbili nzima kabla ya kuielewa. Nilikuwa nikipima kiasi kilekile mara tatu na kupata majibu matatu, tofauti ya hadi sehemu tatu za kumi za greni. Nilifikiri ina ubovu, nikakaribia kuirudisha dukani. Usiku mmoja nikaona kwamba mkono hutulia kabisa, kisha, bila kuguswa, huanza kucheza, na wakati huohuo nikasikia mtambo wa kupasha nyumba joto ukinguruma. Tundu la kutolea hewa ya moto lilikuwa dari juu ya meza yangu. Nikaihamishia mizani kwenye kona iliyo mbali na tundu, nikaizungushia boksi la viatu lililokatwa upande mmoja, na tangu hapo haikunidanganya tena. Rafiki mmoja mwenye mizani ya kielektroniki alinicheka, lakini yake ilikuwa ikihama kila simu yake ilipowekwa karibu.

Kifaa cha kumwaga baruti sikukipenda. Ni pipa dogo la plastiki lenye mkono wa kuzungusha, na katika majira ya baridi, hewa ya ndani ikiwa kavu, plastiki hushika umeme tuli na punje za baruti hugandamana kwenye kuta zake na kwenye koo la faneli. Ukiigonga, zinashuka zote kwa mpigo katika ganda linalofuata, ambalo halikustahili kuzipata. Wengine hufuta plastiki kwa karatasi maalumu zinazowekwa katika mashine ya kukaushia nguo, na husaidia kiasi. Mimi nilikiacha kifaa hicho kimwage pungufu kidogo, kisha nikamalizia kila ganda kwa kijiko juu ya mizani. Ni polepole, lakini sikuwa na kiwanda.

Hapa sina budi kueleza jambo lililonipata nikishindilia risasi za bastola ya shemeji, za kipimo cha .38 Special. Ganda la kipimo hicho, kilichobuniwa mwishoni mwa karne ya 19, ni kubwa kuliko kiasi cha baruti ya kisasa linachohitaji, kiasi kwamba unaweza kutia kipimo mara mbili na lisifurike. Kwa bunduki yangu ndefu kosa kama hilo lingejionyesha mara moja kwa baruti kumwagika mezani. Kwa ganda hili linakaa kimya mpaka bastola ipasuke mkononi mwa mtu. Nilikuwa nimefika katikati ya ubao wa matundu hamsini, saa tatu usiku, simu ikalia. Ilikuwa ni mama yangu, ambaye kwake ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi na tayari alikuwa ameshakama ng’ombe. “Bado hujalala, baba?” akaniuliza, na tukazungumza kuhusu mvua iliyochelewa na karo ya mpwa wangu. Niliporudi mezani sikukumbuka ni ganda lipi lililokuwa la mwisho. Niliendelea kwa kukisia. Kabla ya kuweka vichwa nilimulika tochi juu ya ubao, tundu baada ya tundu kama mtu anayesoma mistari, na katika safu ya tatu nikaona ganda moja ambalo baruti yake ilikuwa imepanda karibu na mdomo kuliko jirani zake. Nilimimina ubao wote nikaanza upya. Kuanzia siku hiyo simu ilibaki jikoni, na ganda ambalo halijatiwa baruti lilikaa kitako juu, ili lisiweze kutiwa bila mimi kuligeuza kwa makusudi.

Kosa la kinyume chake, ganda kukosa baruti kabisa, ni baya pia. Fataki peke yake ina nguvu za kukisukuma kichwa cha risasi hadi ndani ya mtutu na kukiacha humo. Mpigaji husikia mlio mdogo, hudhani ni risasi mbovu, na akipiga inayofuata mtutu unavimba au kupasuka. Ubao wa matundu hamsini unaonekana kama kitu cha bei ya mandazi mawili, lakini yeye na tochi ndio walinzi wa kazi hii.

Kitabu cha vipimo kilichokuja na seti kinaeleweka. Kwa kila aina ya baruti na kichwa kinatoa kiwango cha chini cha kuanzia na kiwango cha juu cha kutovuka, na kwa kawaida ushauri ni kuanza chini ya kiwango cha juu kwa asilimia kumi hivi na kupanda kidogo kidogo huku ukikagua maganda. Sitaandika hapa nambari yoyote ya kipimo, na msomaji amwepuke mtu yeyote anayezitoa kwa kumbukumbu. Baruti mbili zinazofanana kwa macho, zote za kijivu kama pilipili manga iliyotwangwa, zinaweza kuwa na kasi za kuungua zisizokaribiana hata kidogo, na ndiyo sababu kanuni ya nyumbani kwa shemeji ilikuwa chombo kimoja tu cha baruti mezani, vingine vyote kabatini, na kamwe baruti isihamishwe kutoka kwenye chombo chake cha asili. Kanuni za moto za huko zinaruhusu hadi ratili ishirini za baruti isiyo na moshi na fataki 10,000 katika nyumba ya mtu. Mimi sikuwahi kuvuka ratili mbili, na fataki niliziweka chumba tofauti na baruti.

Kuhusu maganda, jambo moja ambalo seti haikunifundisha ni kujua ganda lililochoka. Shaba huweza kurudiwa mara nyingi, lakini kila inaponyooshwa inapungua unene karibu na kitako, na siku moja ganda hukatika vipande viwili ndani ya bunduki. Shemeji alichukua waya mwembamba, akaukunja ncha kama kucha ya paka, akauingiza ndani ya ganda moja langu na kuuvuta polepole ukutani. “Sikiliza kwa vidole,” akaniambia. Karibu na kitako ncha ile ilishuka katika mfereji usioonekana kwa nje. Ganda hilo nilikuwa nimelishindilia mara saba. Nililiponda kwa koleo ili nisije nikalichanganya na mengine, na nikawa navuta waya huo katika kila ganda kila jioni.

Nije kwenye pesa, ambazo ndizo wengi huanza nazo. Wakati naanza, boksi la risasi ishirini za dukani lilikuwa dola 24, yaani dola moja na senti ishirini kila risasi. Kwa upande wangu, kichwa kilinigharimu senti 32. Baruti senti 17 na nusu, kwa kuwa ratili moja ya dola 28 ilinitosha risasi 160. Na fataki senti tatu na nusu. Jumla ni senti 53, na ganda ni la bure. Ukigawanya zile dola 380 kwa senti 67 ninazookoa kila mara, seti inajilipa baada ya risasi 567 hivi. Nilikuwa nikipiga risasi arobaini kwa mwezi, kwa hiyo nilimweleza mke wangu, kwa karatasi na kalamu, kwamba katika miezi kumi na minne tutakuwa tunaokoa. Hesabu ilikuwa sahihi, ila mpigaji alibadilika. Baada ya risasi kuwa nafuu nilianza kupiga mia moja kwa mwezi, na mia moja kwa senti 53 ni dola 53, ilhali arobaini za dukani zilikuwa dola 48. Mke wangu aliigundua hesabu hiyo kabla yangu. Kisha mwaka wa 2020 ulipofika na fataki zikaadimika kote Marekani, kisanduku cha 1,000 nilichokinunua dola 35 nilikiona kikiuzwa dola 90, na kwa miezi kadhaa presi yangu ilikaa chini ya kitambaa. Anayenunua seti hii ili kuokoa pesa atavunjika moyo. Anayeinunua kwa sababu anataka risasi zinazofanana kabisa moja baada ya nyingine atafurahi, kwani kwa umbali wa yadi mia moja mashimo yangu kwenye karatasi yalisogeleana hadi kufunikwa na kifuniko cha chupa ya soda, jambo ambalo sikulipata kwa risasi za dukani za bei ya chini.

Kwa hiyo kijana wa jirani yangu nimemwambia anunue, lakini baada ya kufika na kukaa, kuijua sheria ya jimbo lake, na kupata mtu mzima wa kumkalia pembeni kwa majuma mawili ya kwanza. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, mwenye haki ya kumiliki bunduki hahitaji leseni kujishindilia risasi za matumizi yake. Akianza kuziuza, hapo amekuwa mtengenezaji na leseni inahitajika. Nimemwambia pia aanze na kitabu, akisome chote, kabla ya kugusa presi.

Rafiki yangu wa Kisumu nilimkatalia, na alininunia kwa muda. Alidhani cheti chake cha bunduki kinamfungulia mlango wa kila kitu. Cheti cha Kenya huandikwa bunduki ipi na risasi kiasi gani mtu anaruhusiwa kununua na kuwa nazo, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na idadi hiyo hukaguliwa. Mtu mwenye presi sebuleni Milimani, anayeweza kuongeza idadi yake akiwa amekaa, ataieleza vipi hesabu hiyo mbele ya afisa? Baruti nayo ina sheria yake, ile ya Vilipuzi, Sura ya 115. Kutengeneza risasi hapa kwetu ni kazi ya watu walioruhusiwa, na mfano wake uko kilomita 150 hivi kutoka nilipoketi, Eldoret, ambako shirika la serikali la Kenya Ordnance Factories lina kiwanda chake. Juu ya hayo, baruti na fataki haziruhusiwi kabisa ndani ya ndege ya abiria, si mkononi wala katika sanduku la chini, kwa hiyo hata kama ningemletea presi angekuwa na mkono wa kuvuta na hana cha kushindilia. Na hata kama vikwazo hivyo visingekuwapo, uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977, na risasi chache anazopiga kwenye klabu kwa mwaka hazingejaza hata mbao mbili za matundu. Mwanachama mwenzangu wa klabu nilimjibu hayohayo, akaelewa mara moja. Alichotaka hasa ni kujua kwa nini risasi za boksi moja hutawanyika, na hilo tulilizungumza kwa chai mbili.

Alama zangu ni saba kwa kumi. Moja nimeipunguza kwa ajili ya boksi linalodai kuwa na kila kitu, moja kwa kifaa cha plastiki cha kumwagia baruti, na moja kwa mstari ule mmoja kuhusu mafuta.

Presi, kalibu na baruti vilibaki Minnesota. Nilichokuja nacho Nakuru ni mizani peke yake, iliyofungwa ndani ya soksi tatu, na afisa wa forodha aliitazama, akauliza kama mimi ni sonara, akanirudishia. Sasa inakaa juu ya kabati la vyombo. Mwezi uliopita mke wangu na jirani yetu walichanga pesa kununua pakiti ya gramu kumi ya mbegu chotara za nyanya, na kwa kuwa mbegu hizo bei yake inauma, kila mmoja alitaka nusu yake kamili. Nilifunga dirisha ili upepo wa kutoka Menengai usiingie, nikaweka mkono kwenye greni 77.2, nikamwaga mbegu kwa kupigapiga kijiko kwa kidole. Jirani alikuwa ameinama akitazama ncha. Ilipotulia kwenye mstari aliomba mbegu moja iondolewe ili aone kama kweli itapanda, nikaiondoa, ikapanda.